Nilimtuma Rangi

"Funga mlango! Funga, funga!"

Zilpa alikwisha kujitupia leso usoni kabla hajamaliza kusema. Ungo ukampinduka mapajani, maharagwe yakatawanyika sakafuni, mengine yakakimbilia chini ya kitanda. Mumewe, Ogendo, akausukuma mlango kwa kisigino na kusimama gizani, ndoo ya maji mkononi, akingoja macho yake yazoee. Nje jua la Januari lilikuwa limeshaanza kuyaliza mabati. Ndani ya nyumba yao, hapo Burumba, karibu na mpaka wa Uganda, ulikuwa usiku.

Mgeni asingeamini kwamba nyumba hiyo ina madirisha mawili. Zilpa aliyaziba yote kwa magunia, juu ya magunia akatundika blanketi, na chini ya mlango, penye uwazi, akasokomeza suruali kuukuu za Ogendo. Bado mwanga haukukubali kushindwa. Ulipata tundu moja la msumari kwenye bati, ukashuka hadi katikati ya chumba, mwembamba kama uzi. Zilpa aliujua ulipo bila kuutazama. Kila uliposogea karibu naye, jicho lake la kulia lilianza kutiririka machozi, na yeye akasogeza kigoda.

"Pole," Ogendo alisema. "Nilidhani umelala."

"Mimi silalangi mchana."

"Imezidi?"

"Ni jua tu, Baba Sharlyne. Si hata wewe unalia na hii jua?"

Ogendo alikubali. Ni kweli alilia na jua, kama fundi yeyote wa baiskeli anayeshinda barabarani bila kivuli. Akainama, akaanza kuokota maharagwe kwa kupapasa. Hakuuliza tena, na Zilpa alishukuru kwamba hakuuliza, ingawa moyoni alitamani sana aulize mpaka apate jibu la kweli.

Jibu la kweli lilikuwa kwamba alikuwa anakufa kwa hofu.

Jicho la kushoto lilikwenda na surua angali mtoto kwao Nambale, hata hakumbuki kulitumia. La kulia ndilo lililomlea, likamwoza, likampa kazi ya kuchambua maharagwe katika maghala ya mpakani, mahali yanaposhushwa mizigo kutoka Uganda. Halafu siku moja, akipepeta, ganda likaruka na kumkata. Kidonda kikaoza, kikapona vibaya, kikamwachia kovu jeupe mbele ya mboni. Alikaa na kovu lile miaka mitatu, akiongozwa mkono, mpaka hospitali ya macho ya Kisumu ikampigia simu kwamba konea imepatikana. Konea ni kile kioo chembamba kilicho mbele ya jicho. Kilitoka kwa mtu aliyefariki, ambaye watu wake walikubali kitolewe.

Burumba hawakutaka habari za kioo. Burumba walisema Zilpa amewekewa jicho la maiti, na basi. Watoto walimchungulia kwenye ua. Mama mmoja wa kanisani alimwuliza, kwa upole mwingi na bila haya, kama usiku anaona watu wa yule marehemu. Alipotoka na miwani meusi makubwa aliyopewa hospitali, kwa sababu mwanga ulimuuma, vijana wa boda wakamwita Mheshimiwa. Naye akawapungia mkono kama mtu anayeomba kura. Alikuwa na furaha siku hizo, hakuna aliyeweza kumuudhi.

Mwanga utakusumbua kwanza, muuguzi alimwambia, kisha utapungua polepole. Ukipungua halafu ukarudi, usingoje, njoo mara moja.

Ulipungua. Kabla ya Krismasi aliweza kukaa mlangoni bila miwani, akitazama mashati kwenye kamba za majirani, akiyataja kwa rangi mpaka Ogendo akamwambia ameshachoka kusikia. Kisha, baada ya mwaka mpya, ukarudi. Ulirudi kwa hasira. Zilpa hakwenda. Aliziba dirisha la kwanza, akasema ni jua la kiangazi. Akaziba la pili. Alikuwa akitia dawa yake asubuhi, mchana na jioni, hakukosa hata mara moja, na mtu anayetia dawa bila kukosa anaharibikiwa vipi? Hilo ndilo aliloshikilia. Tena aliogopa kwamba akienda Kisumu ataambiwa limekufa, na akibaki nyumbani hakuna wa kumwambia.

Wakati mwingine, Ogendo akiwa kazini, alilisemesha. "Wewe," alimwambia huyo mtu asiyemjua, mwanamume au mwanamke, hakuambiwa. "Wewe, kaa. Hapa si pabaya. Usiniache."

* * *

Maharagwe aliletewa na Sylvia, mwenye ghala alilokuwa akifanyia kazi zamani. Zilpa ndiye aliyeomba. Alimwambia anaweza kuchambulia nyumbani, ili mradi yawe yamekwisha kupepetwa vumbi lote, na Sylvia akakubali kwa sababu mikono ya Zilpa ilijulikana. Kweli vidole havikumtupa. Jiwe vilijua, lililotobolewa na wadudu vilijua, lililooza vilijua hata kabla ya kulibana. Lakini mteja alitaka ya manjano yawe peke yake na ya nyayo, yale mekundu yenye madoa, yawe peke yake. Vidole havijui rangi.

Basi alichukua konzi, akalisogeza kwenye ule uzi wa mwanga, akajifunika leso kichwani kama mtu anayejifukiza, akafungua jicho upesi na kulifumba. Maumivu yalimpiga mpaka kisogoni. Wiki ya kwanza aliona rangi. Wiki iliyofuata aliona kama mtu anayetazama ng'ambo ya mvuke wa sufuria. Baadaye aliona weupe tu. Akaendelea kuchambua. Ya nyayo ni marefu kidogo, alijiambia, ya manjano ni ya mviringo. Alijaza magunia mawili kwa kubahatisha, akayashona, akayapeleka kwa mkono wa Ogendo.

Sylvia alikuja siku hiyo hiyo ya ndoo ya maji, Ogendo bado yuko chini ya kitanda akiokota. Hakungoja kukaribishwa. Mlango ulifunguka wote na mchana ukaingia pamoja naye.

"Mama Sharlyne! Hii ni nini umenifanyia?"

Zilpa alipiga ukelele, akageukia ukuta.

"Customer amerudisha mzigo wote! Ameniuliza kama mimi nimeanza kuuza chakula ya kuku. Yellow na nyayo zimelala pamoja kama bibi na bwana! Na wewe ndio nilikuwa najivunia..."

"Funga mlango, Sylvia. Tafadhali."

"Sifungi. Angalia kwanza." Alimwaga konzi kwenye ungo. "Angalia hii. Angalia na uniambie."

"Sylvia, taratibu," Ogendo alisema akiinuka.

"Hapana, mzee, acha aangalie."

Zilpa alipapasa ungo. Aliokota moja, akaligeuza kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole.

"Hii ni yellow," alisema.

Sylvia alimtazama Ogendo. Ogendo alilitazama haragwe jekundu katika vidole vya mkewe. Hasira ilimtoka Sylvia papo hapo.

"Mama Sharlyne," alisema kwa sauti nyingine. "Nimevaa nguo ya rangi gani?"

Zilpa alifungua jicho. Alilazimisha, akiwa ameshika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili, na machozi yakamwagika mpaka kidevuni. Mbele yake palikuwa na mwanga mweupe uliojaa miiba, na ndani yake kivuli.

"Bluu," alisema.

Nguo ya Sylvia ilikuwa ya manjano, ya kung'aa, mpya.

Sylvia akaketi sakafuni kati ya maharagwe. Ogendo alivuta mlango, akaufunga mwenyewe, akasogea gizani mpaka akaupata mkono wa mkewe.

"Tangu lini?"

"Usiniulize sasa."

"Zilpa. Tangu lini?"

"Tangu ianze kuuma tena," alisema, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekishikilia siku nyingi. "Nilijua. Nilikuwa najua. Niliogopa."

* * *

Waliondoka kwenda Kisumu alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Zilpa alifunikwa leso mbili na shali. Kituoni mtu mmoja alimpa Ogendo pole akidhani anasafirisha mgonjwa mahututi. Ogendo aliitikia ahsante.

Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini. Alimkalisha mbele ya kile chombo cha kuegemeza kidevu, akawasha taa yake ndogo, na Zilpa akajirudisha nyuma kwa nguvu hata kiti kikalia.

"Pole, mama. Najua inauma. Nishikie tu kidogo."

"Siwezi."

"Unaweza. Mzee, mshikilie kichwa kutoka nyuma."

Ogendo alimshika kichwa kwa viganja vyake vyenye grisi isiyotoka. Mwanga ukaingia. Zilpa aliuma leso, akahesabu pumzi, akapoteza hesabu, akamwomba Mungu wa Nambale na wa Kisumu. Ulipozimika alikuwa amelowa jasho mgongo mzima.

"Dawa unatia?" daktari aliuliza.

"Sijakosa hata mara moja. Muulize huyu."

"Hajakosa," Ogendo alisema. "Hata kama chakula imechelewa, dawa haichelewi."

"Nionyeshe chupa."

Zilpa aliitoa kifuani, ilikofungwa kwenye kona ya leso. Kichupa kidogo, kifuniko cha pinki. Daktari alikisoma mbele na nyuma, akakiweka mezani bila sauti.

"Hii ulinunua wapi?"

"Ile mlinipatia iliisha. Upande wetu chemist hakuwa nayo, wakasema wiki ijayo. Nikamtuma Osukuku wa baiskeli upande wa Uganda. Huko vitu hupatikana haraka."

"Ulimpa ile chupa ya zamani aende nayo?"

"Nilikuwa nimeshachoma na takataka." Zilpa alipapasa meza akikitafuta kichupa. "Lakini ni hiyo hiyo. Kifuniko pinki."

Watu wa mpakani wana imani hiyo, na si imani ya kijinga. Sabuni ya ng'ambo ni sabuni, mayai ya ng'ambo ni mayai, sukari ni ile ile ila mfuko. Ukitaka kitu unataja kilivyo, anayevuka anakuletea, na maisha yanaendelea. Zilpa naye alikuwa na imani yake nyingine juu ya hiyo. Siku walipomfungua bendeji, kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa kifuniko kile mkononi mwa muuguzi, cha pinki, kidogo, kizuri kupita kiasi. Jina la dawa hakulishika. Alishika rangi, kama alivyoshika maharagwe yote ya maisha yake.

"Mama," daktari alisema, "hii si dawa mbaya. Inaua viini vya ugonjwa. Lakini ile yetu ilikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa inatuliza mwili wako, usikifukuze hicho kioo cha mgeni. Ulipoiacha, mwili ukaanza kukifukuza."

"Lakini kifuniko ni kile kile."

"Kampuni nyingi zinatumia hiyo rangi. Kifuniko ni kifuniko tu, mama."

Ogendo ndiye aliyeuliza, akikunja na kukunjua kofia yake. "Sasa limekufa?"

"Bado. Limevimba na lina ukungu. Nitamchoma sindano pembeni ya jicho leo, halafu mtatia dawa kila saa, hata usiku. Mengine hurudi. Mengine hayarudi. Mngekuja mapema kidogo ningewaambia kwa uhakika zaidi."

"Na likikataa, mnaweka lingine?"

"Lingine ni kungoja mtu mwingine afariki, na watu wake wakubali. Wanaongoja ni wengi, mzee."

Kisha alimgeukia Zilpa, akamshika goti. "Kitu kimoja, nisikie vizuri. Itafika siku mwanga utaacha kukuuma. Usishangilie kwanza. Jicho likipona, haliogopi mwanga. Likishindwa kabisa pia linaweza kuacha. Siku hiyo ikifika, lifungue utazame kitu, halafu mnipigie simu."

Kwenye veranda ya hospitali Ogendo alilipuka.

"Osukuku! Nitaenda nimvunje ile baiskeli yake, Mungu ananiona! Mtu anatumwa dawa ya macho, analeta kitu hajui ni nini!"

"Baba Sharlyne, wacha."

"Siachi! Angeuliza! Ako na mdomo ya kuongea siku mzima, angeuliza!"

"Nilimtuma rangi," Zilpa alisema ndani ya leso zake. "Akaniletea rangi. Wacha mtu wa watu."

* * *

Nyumba ilirudi gizani. Kengele ya simu ya Ogendo ililia kila saa na kila saa alimwinulia mkewe kope kwa kidole alichosugua kwa sabuni, akadondosha tone, akalala au akarudi barabarani kwa wateja wake, kisha akaja tena mbio. Alikonda. Hakulalamika, ila aliacha kupiga mluzi, na Zilpa aliukosa ule mluzi kuliko alivyotarajia. Sharlyne, binti yao anayepika kwenye hoteli ya madereva huko Malaba, alipiga simu akitaka kuja, na mama yake akamkataza. Hakutaka mtu mwingine wa kumwona akiwa hivyo, amelala kitandani mchana, kitambaa usoni, akiuogopa uzi wa mwanga.

Siku moja alisikia mnyororo mkavu ukikwaruza uani, magurudumu matatu yakasimama nje ya ukuta. Osukuku alipooza miguu utotoni. Alivusha mizigo mpakani kwa baiskeli yake inayoendeshwa kwa mikono, na kwa kawaida ungemsikia mdomo kabla ya mnyororo. Leo alifika kimya.

"Mama Sharlyne."

"Osukuku. Usifungue mlango."

"Sifungui. Hata nikitaka, hii gari yangu haiingii."

Hakuna aliyecheka. Ukuta wa udongo ulikuwa mwembamba, Zilpa alisikia hata anavyopumua.

"Mzee amenieleza," Osukuku alisema. "Hakunigombanisha. Afadhali angenigombanisha."

"Ulibeba kile nilikutuma."

"Yule dada wa duka aliniuliza jina ya dawa. Nikamwambia jina sijui, lakini mwenyewe amesema pinki. Akasema, una uhakika? Nikamwambia, dada, mwenyewe hawezi kosea rangi. Border yote wanamjua. Kama Mama Sharlyne amesema ni pinki, ni pinki. Nilikusifu, mama. Nilikusifu mpaka akanipatia."

Zilpa alijigeuza, akauweka uso kwenye mto, akalia. Alilia kwa ajili ya ile sifa, iliyokuwa kweli, na ambayo sasa ilikuwa imemfikisha hapa.

"Usilie, utaharibu jicho."

"Machozi haiharibu. Niliuliza daktari."

"Haya basi, lia. Mimi nangojea hapa."

Akangoja kweli. Lori lilipita barabarani, kuku wakagombana, jirani akamwita mtoto mara kadhaa. Kisha Zilpa akasema kile ambacho hakuwa amemwambia mumewe.

"Osukuku, naogopa. Hii ikienda, mimi ni mtu wa kupelekwa choo. Bado nina miaka mingi ya kuishi. Nitaishi nikifanya nini?"

"Mimi nimesukumwa tangu nikiwa mdogo, mama, na niko. Utajikaza kisabuni."

"Wewe unaona mahali unasukumwa."

Osukuku alikaa pale nje mpaka saa ya dawa ikafika na hatua za Ogendo zikasikika zikija mbio. Wanaume wawili walisalimiana kwa sauti za chini. Mnyororo ukakwaruza tena, ukaenda.

* * *

Asubuhi moja Zilpa aliamka akiwa na joto kwenye shavu.

Alilala hivyo hivyo kwa muda, hajajua ni nini. Kitambaa kilikuwa kimeanguka usiku. Ogendo alikuwa amekwisha kutoka kwenda kuchota maji na hakuuegesha mlango vizuri. Ulikuwa umesukumwa na upepo ukaacha ufa mpana kama kiganja, na jua lilikuwa limeingia, limepanda kitandani, limekaa usoni pake.

Halikuuma.

Alingoja liume. Aliusubiri ule mwiba, unaochoma kutoka kwenye kope hadi kisogoni, huku ameshika blanketi kwa ngumi. Haukuja. Jicho lilikuwa kavu na tulivu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya hakuna kilichomuuma popote mwilini, na hilo likamtia hofu kubwa kuliko maumivu yote aliyowahi kuyapata.

Aliinuka. Alikwenda kwa kupapasa, kitanda, meza, ukuta, akapata mlango, akauvuta wote. Mwanga wa asubuhi ulimwangukia mwili mzima, na jicho lake likabaki limefumba, bila kuumwa, kama la mtu yeyote anayelala kwenye kivuli. Akaukamata mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Ndoo iliwekwa chini ghafla, maji yakamwagika.

"Zilpa?" Ogendo alikuwa karibu, hatua chache mbele yake, labda zaidi. "Zilpa, uko nje? Haiumi?"

"Haiumi."

Alimsikia akivuta pumzi na kuishikilia. Aliyasikia maneno ya daktari yakimpitia mumewe kichwani kama yalivyokuwa yakimpitia yeye.

"Sasa fungua," Ogendo alisema. "Fungua uniangalie."

"Umesimama wapi?"

"Hapa. Mbele yako kabisa."

"Usisonge."

"Sisongi."

Uani palikuwa kimya, hata wale kuku. Jua lilikuwa likimpata kwenye paji la uso, kwenye midomo, kwenye mikono iliyoshika mwimo, la joto tu, bila ubaya wowote.

"Ngoja," alisema Zilpa. "Ngoja kidogo kwanza."